Kikombe cha Bwana Harusi

Mikumi

Dada yangu Milembe,

Shikamoo. Itikia kwa sauti mama asikie, halafu umpelekee na yeye shikamoo yake, na ya baba iwe ya tatu. Goti la mama linaendeleaje? Bado analipaka yale mafuta yanayonuka, au amesikia ushauri wangu? Na nyinyi huko, pamba imetoka vizuri? Nasikia siku hizi wanunuzi binafsi wanaifuata hadi majumbani, kila mmoja na mizani yake. Mwambie baba asimwamini mwenye haraka.

Sisi hapa ni wazima, mimi na shemeji yako Maduhu. Joto tu ndilo linalotutesa, na nyani, ambao wiki iliyopita waliingia jikoni wakala unga wa uji na kuniachia sufuria uani. Ukikaa jirani na mbuga unazoea. Malori ya Zambia yanapita usiku na mchana, na kila dereva anayelala hapa anataka kuona picha, kwa hiyo kibanda chetu cha video hakikauki watu. Maduhu amejenga ukuta wa nyuma upya na kuezeka mabati pande zote.

Barua yako niliipata. Nilipofika pale ulipoandika kwamba wakwe zangu wamemtuma mtu kwa baba, niliikunja nikaenda kuanika nguo kwanza. Halafu nikairudia. Nimeelewa kila kitu, dada. Baba ameambiwa achague: ama mimi nikubali Maduhu aoe mke wa pili kwa kuwa sizai, ama nirudi nyumbani na ng'ombe warudi kwao. Na ng'ombe wenyewe sisi sote tunajua walikokwenda. Ndio waliotolewa mahari kwa mke wa kaka yetu Kulwa, na Kulwa ameshazaa naye watoto. Kwa hiyo mimi nikirudi, na wifi yetu naye anakaa roho juu. Umeniambia nije nyumbani kidogo, nipumzike, mambo yapoe. Nakushukuru kwa moyo wako, lakini siji. Kaa chini nikueleze, maana tangu uandike yametokea mengine.

Kwanza nikukumbushe kazi yangu, kwa sababu mama anadhani nauza tiketi mlangoni. Mimi ndiye ninayetafsiri. Picha za ngumi anatafsiri Maduhu, maana hazina maneno mengi na yeye si msemaji. Za Kihindi ni zangu. Jumamosi mchana tuna onyesho la wanawake: wauza mboga, mama lishe wa stendi, wake za askari wa mbuga, wote wanakuja na watoto mgongoni. Mimi nakaa kando ya televisheni, kwenye stuli, watu wa kwenye picha wakisema mimi nasema kwa Kiswahili. Sauti ya mama ni yangu, ya binti ni yangu, hata ya polisi. Na Kihindi, dada, sijui hata neno la kuomba maji ya kunywa.

Usicheke. Watafsiri wote wako hivyo. Unatazama macho, unatazama mikono, unajua nani amekasirikiwa na nani kapendwa. Tena tunatafsiri papo hapo, hatuitazami kanda kabla, kwa sababu kuitazama mara mbili ni kuchoma mafuta ya jenereta mara mbili. Ndiyo maana siku moja nilimfanya kijana mmoja kuwa kaka wa msichana, nikamliza na kumfariji dada yake vizuri sana, mbele kidogo nikaona wanavishwa mashada ya maua na kuzunguka moto. Wanawake nusura wanitoe nje. Ilibidi niseme kwamba yule kaka alikuwa ameokotwa sokoni akiwa mchanga. Basi wakatulia, wengine wakalia kwa furaha.

Hapa mjini hawaniiti Mama Fulani. Wananiita Mama Video. Wanasema kwa heshima kabisa, lakini kila nikiitikia nakumbuka kwa nini sina jina lingine.

Sasa sikiliza. Mama mkwe alifika Mikumi Alhamisi, kwa gari la Kilosa, ametoka kwao Chanzuru alfajiri na jogoo mikononi. Nikampigia magoti, nikamwamkia, akaitikia marahaba na kunibariki kama kawaida yake. Ni mama mzuri, sitamsema vibaya. Miaka yote hii ndiye amekuwa akiniletea mizizi ya kuchemsha, na nimeinywa. Mingine ilinifungulia tumbo siku nzima, nikanyamaza. Jioni ile alinivuta kwenye mkeka akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hatukufukuzi. Utabaki mkubwa wa nyumba. Kuna binti Kisanga, wazazi wake wamekubali twende tukaongee nao. Jumapili narudi, na jibu lako narudi nalo."

Nikasema, "Nimesikia, mama." Ningesema nini? Unajua mwenyewe dada, nilishakwenda hospitali peke yangu tangu mwaka jana, daktari akanipima kila mahali akaniambia sina kasoro, nimlete mwenzangu. Nilimwambia Maduhu siku ileile. Akaniuliza, "Mimi nina nini?" Akatoka akaenda kufungua jenereta ambayo haikuwa mbovu. Nilijaribu tena, na tena, na kila mara jenereta inafunguliwa. Na habari hiyo kumwambia mama yake, mimi mkamwana, kwa kinywa changu? Mambo ya chumbani ya mwanawe? Kwetu hata neno mimba nikiwa mbele yake nalizungushia, nasema "kupata mgeni." Ningelisema lile, ningekuwa nimemvua nguo mtu mzima, na ng'ombe wangerudi kwa kukosa adabu kabla ya kurudi kwa kukosa mtoto.

Jumamosi ikafika. Mama mkwe hakuwahi kuona video maishani mwake. Nikamketisha benchi la mbele, nikampa mto. Kanda ilikuwa imeletwa asubuhi ile na kondakta wa basi la Morogoro, mpya kabisa. Kwenye boksi kuna bwana na bibi wanacheza kwenye maua. Nikajua haya ni mapenzi ya kawaida, nitaimba na kulia, saa kumi tumemaliza. Maduhu akawasha jenereta nje, akaja kusimama nyuma penye deki.

Ilianza vizuri. Kijana ana duka la nguo za harusi, anajisifu sana, kila bibi harusi mjini amevalishwa na yeye. Anampenda mwalimu mmoja wa shule, mwembamba, ana miwani. Wanakimbizana kwenye bustani, wanaoana, wanawake wanapiga vigelegele. Mimi nachapa kazi. Baadaye nikaona mama wa yule kijana anaanza kumtazama bibi harusi tumboni. Nikasema, "Mkwe wangu, nyumba hii iko kimya sana." Ndivyo macho yake yalivyosema, siyo mimi. Akamletea glasi ya kitu cha kijani kibichi. Mama mkwe wangu akatikisa kichwa akasema kwa sauti, "Huyo mama anajua! Ampe na mizizi!" Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Bibi harusi akanywa, akakunja uso, akakimbilia nje. Mimi kicheko kikaanza kunikauka, maana nilimjua yule binti anakimbilia wapi.

Kisha yule mwalimu anakwenda kwa daktari peke yake. Daktari anampima, anatabasamu, anamtikisia kichwa kwamba hakuna kitu. Nikatafsiri hivyo. Sauti yangu nikaisikia imeshuka. Halafu daktari anamwita yule kijana wa duka, anamkabidhi kikombe kidogo cheupe chenye kifuniko.

Dada, ungemwona. Kijana hajui akiweke wapi. Anakificha ndani ya kofia, kofia inainuka kichwani. Anakutana na mzee aliyemfundisha utotoni, anataka kuvua kofia kumsalimu, anakumbuka, anaishika kwa mikono miwili. Anakutana na rafiki wa mama yake. Mbuzi anataka kula ile kofia. Kila mlango anaoufungua pale hospitali una watu wa mtaani kwake. Kibanda kizima kinacheka, watoto wanacheka bila kujua wanacheka nini. Na hapo ndipo mama mmoja muuza vitumbua, ana sauti huyo, akauliza, "Mama Video! Kikombe cha nini?"

Wengine wakadaka. "Ndiyo, kikombe cha nini? Tuambie!"

Kwenye video mtafsiri akiulizwa anajibu. Asipojibu watu wanadai kiingilio chao. Ningeweza kusema ni dawa ya macho. Ningeweza kusema ni choo kinapelekwa kupimwa minyoo, na picha ingeendelea, na Jumapili mama mkwe angeondoka na jibu lake. Nikageuka nikamtazama Maduhu kule nyuma. Alikuwa ananitazama. Yeye ameona picha nyingi kuliko mimi, alikwisha kuelewa. Akaufungua mlango akatoka nje, upande wa jenereta.

Nikajua anakwenda kuizima. Akizima, giza, watu wanarudishiwa kiingilio, basi. Niliogopa, dada, sikufichi. Lakini nilifikiri hivi: mimi mkamwana siwezi kusema, ila yule mwalimu wa miwani kwenye televisheni si mkamwana wa mtu hapa. Amekuja na kanda yake kutoka kwao. Akisema ni yeye kasema. Nikamwazima sauti yangu, nikaiweka juu kabisa:

"Mume wangu, mimi nimepimwa, sina kasoro. Sasa ni zamu yako. Daktari anataka mbegu zako kwenye hicho kikombe, azitazame kwa darubini kama zina uhai. Mtoto anatafutwa kwa watu wawili. Kwa nini dawa nanywa peke yangu?"

Kikawa kimya. Sijawahi kusikia kibanda chetu kimya namna ile. Nasikiliza jenereta tu. Inanguruma. Nikasubiri izimike. Inanguruma.

Yule muuza vitumbua ndiye aliyeanza, alicheka mpaka akashuka kwenye benchi. Wakafuata wote. Wanawake wanapiga mapaja, wanasukumana, kuna mmoja alijifunika khanga usoni na mabega yanamtikisika. Na kabla hawajatulia, mama mkwe wangu akasimama. Akanyoosha kidole kwenye televisheni, akamkaripia yule kijana kwa sauti ya kufukuzia ng'ombe shambani.

"Apimwe! Mtoto wa watu amekunywa majani mpaka amekuwa wa kijani mwenyewe, kumbe wewe hujapimwa? Hebu toa hiyo kofia! Kapimwe huko!"

Wakampigia makofi. Akasimama hivyo na kidole hewani, halafu nikaona kidole kinashuka polepole. Akakaa. Akajitanda khanga vizuri, akakunja mikono. Mimi nikaendelea na kazi, na nilipotupa jicho mlangoni nikamwona Maduhu amerudi, amesimama pale pale, mikono mfukoni. Hakuigusa jenereta.

Mwisho wa ile picha ni kichekesho. Mama wa kijana ananyang'anya kile kikombe, anakibeba mwenyewe juu mkononi hadi kwa daktari, mtaa mzima unamfuata unacheza ngoma. Halafu kanda ikakwaruza, mistari ikajaa, ikatafunwa. Wanawake wakapiga kelele, "Walipata mtoto au hawakupata?" Nikawaambia ukweli, sijui, kanda imeliwa. Wakatoka wanabishana, hadi leo wanabishana sokoni.

Jioni nilipika yule jogoo. Tukala. Mama mkwe alinawa mikono akaniuliza, bila kunitazama, "Walipata?"

"Sijui, mama. Kanda ilitafunwa."

"Hmm," akasema.

Asubuhi Jumapili nilidhani anafunga mzigo. Niko jikoni nakuna nazi, nikamsikia uani anaongea na mwanawe. Tena kwa Kisukuma, ile sauti ya nyumbani isiyokuwa na mchezo. Akamwambia, "Maduhu, andaa shati. Kesho kukicha mimi na wewe tunakwenda hospitali."

Maduhu akajibu, "Mama, ile video ni ya kuigiza."

"Na mizizi niliyomnywesha mkeo, nayo ilikuwa ya kuigiza?"

Nilingoja nisikie anakwenda kwenye jenereta. Nilisikia anapiga pasi shati.

Walikwenda Jumatatu, mimi nikafuata nyuma yao. Mama mkwe alikaa kwenye benchi la wagonjwa, amekaa wima kabisa. Maduhu akaingia, akatoka, na dada yangu, naapa, kikombe amekificha ndani ya kofia! Na pale kwenye korido nani anapita, amempeleka mwanawe kupimwa malaria? Yule mama wa vitumbua. Akamtazama Maduhu, akaitazama kofia. Akasema, "Shikamoo ya kofia leo sitaki, baba, pita tu." Maduhu akatazama chini, nikajua sasa tumekwisha. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na miaka yote ya ndoa sijamwona anacheka namna ile. Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa furaha, na kwa uchungu wa ile mizizi yote.

Majibu sasa, uwaeleze nyumbani kama yalivyo. Daktari anasema mbegu zipo lakini chache, tena dhaifu. Kuna mishipa ya huko chini imevimba. Kuna upasuaji mdogo unaofanyika Morogoro, unaweza kusaidia, unaweza usisaidie. Mama mkwe alimwuliza mara mbili, daktari akamweleza mara mbili. Tulirudi kwa miguu hadi stendi. Alipopanda gari la Kilosa alinishika mkono dirishani akaniambia, "Nitapitia Kisanga mwenyewe, wasitungoje. Yule binti wa watu nimlete nimnyweshe nini?" Halafu akafungua kifurushi chake akanitupia khanga mpya. Hakuniomba radhi kwa maneno na mimi sikuzihitaji. Nimeivaa leo.

Kwa hiyo sirudi, Milembe. Mwambie baba ng'ombe wabaki walipo, na wifi alale usingizi. Mtoto nikimpata nitafurahi sana, nitapiga vigelegele mpaka mvisikie huko. Nisipompata, nina mume anayeweza kucheka na kazi ninayoijua, na watu hapa wanaoniita Mama Video. Nimeanza kulipenda hilo jina. Mwezi ujao tukimaliza kuvuna mpunga wa Maduhu tunakwenda Morogoro.

Kuna jambo moja lililobaki. Baba ni mkwe wa Maduhu, na unajua heshima ilivyo, hata kula hawali sahani moja. Sijui kama Maduhu angependa baba ayajue haya. Sitaki kumwandikia mgongoni. Basi barua hii naiacha mezani wazi, na kalamu juu yake. Akitaka kukata mistari, akate. Ukiona pamekatwa, usiulize.

Nisalimie mama, mwambie ile mizizi aliyonitumia Pasaka nimempa mbuzi, na mbuzi amezaa mapacha. Nisalimie baba kwa heshima zote. Nisalimie Kulwa kaka yetu na wifi, shangazi wa Maswa na wale wanawe watundu, bibi kama bado anakataa kuvaa miwani, na shemeji yangu mume wako, ambaye ananidai picha ya tembo. Watoto wako wabusu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako,

Minza

Shemeji Milembe, shikamoo.

Nimesoma yote, sikukata kitu. Jenereta haikuwa mbovu hata siku moja. Tafadhali msomee mzee barua hii nzima, na pale kwenye kikombe usipunguze neno. Mwambie wa kupimwa nilikuwa mimi, na mkwewe ndiye anayesema.

Maduhu